Tabaga la Idi, Shuka la Krismasi

Mnunuzi anayelijua tabaga hulipindua kabla ya kuuliza bei. Upande wa juu unaweza kumhadaa kwa rangi zake za waridi, kijani na zambarau; upande wa chini ndio unaosema kama mishono imekazwa na kama ncha za majani zimefichwa. Sinia hili la kusukwa, ndugu wa kawa la pwani, hufunika chakula cha wageni na, likiwa zuri kupita kiasi, hutundikwa ukutani. Msusi huanzia kitovuni: hukunja kishada cha nyasi, hukizungushia majani yaliyotiwa rangi, kisha hushona duara juu ya duara kwa sindano nene. Tabaga kubwa huchukua wiki kadhaa, maana mkono unaosuka ndio huohuo unaopika na kufua.

Huko Arua na Koboko, miji ya eneo la West Nile nchini Uganda, kazi hii hutambulishwa kwanza na wanawake wa Kinubi. Asili ya jamii yao ni askari wa Kisudani waliokuwa na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, ambao afisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 kwenda kumtumikia Uganda. Wake zao walikuja na ususi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa makabila ya nchi, lakini tabaga lilikuwa limeshapata uraia wake sokoni zamani.

Ni biashara ya sikukuu. Watu hawanunui tabaga kama wanunuavyo sukari; hulitaka kwa Idi, kwa harusi, au Krismasi inapowarudisha nyumbani wale wanaofanya kazi Kampala, safari ya karibu kilomita 500 kupitia Karuma na daraja la Pakwach. Ndiyo maana muuzaji hang'oki mahali pake. Mteja anayekuja mara moja au mbili kwa mwaka hakumbuki kibao wala namba ya simu. Anakumbuka kona na sura ya mama aliyemuuzia. Mama huyo akikosekana sikukuu moja tu, mteja atageukia kifuniko cha plastiki, chepesi na cha bei rahisi, na huenda asirudi tena. Wengine husifu uvumilivu wa wanawake hawa kana kwamba ni tabia tu. Ni hesabu pia.

Tena ufundi huu ni mali isiyohitaji lori. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na waliorudi miaka iliyofuata walikuta nyumba zimebomolewa. Sindano na ufundi vilikuwa vimesafiri nao.

Miongo kadhaa baadaye mkondo uligeuka. Vita vilipolipuka upya Juba Julai 2016, wakimbizi wa Sudan Kusini walimiminika West Nile. Kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo na katika muda wa miezi michache ilikuwa na zaidi ya watu 250,000. Wanawake wao walileta milaya: shuka la pamba linalochorwa ndege na maua kwa kalamu, likatariziwa kwa nyuzi za rangi, kisha pindo lake likafumwa kwa mkono. Kwao ni shuka la bibi harusi na la kitanda cha mgeni. Basi siku hizi tabaga na milaya vinamwinda mteja mmoja, yule anayetaka nyumba ipendeze kabla wageni hawajabisha hodi.

Koboko ina mambo yake. Kutoka Arua ni kama kilomita 55 za lami, na barabara inaendelea hadi Oraba, mkabala na Kaya ya Sudan Kusini. Kongo nayo iko jirani kabisa. Sokoni Kikakwa, Kinubi, Kilugbara, Lingala na Kiswahili vyote hutumika kuvutana bei. Faida ya mpaka ni wateja wa nchi tatu. Hasara yake ni kuamka ukiwa na habari za fedha ya watu wengine. Tarehe 15 Desemba 2015, siku kumi tu kabla ya Krismasi, Juba iliiachia pauni yake ijitafutie thamani sokoni. Dola iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa pauni zisizofika 3 ikapanda kupita 18. Ukimwuzia mtu mwenye fedha ya namna hiyo, tabaga lako halijabadilika hata ushono mmoja, lakini mfuko wake umeshapwaya.

Kalenda nayo ina vituko. Krismasi haihami, na huangukia kiangazi, majani yanapokauka vizuri. Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ikipita kwenye mvua na kwenye muhula wa shule, wakati fedha za familia zimeishia kwenye karo. Mwaka 2000 Idi el-Fitri ya pili ya mwaka huo ilikuwa karibu na tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Krismasi. Kwa hesabu za mwezi, mwaka 2033 nao utakuwa na Idi el-Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine karibu na tarehe 23 Desemba. Msusi anayetaka kuzihudumia sikukuu zote mbili wiki hiyo itambidi aanze kukusanya nyasi tangu mavuno, na awe na binti au wifi wa kumsaidia kushona.