Mtoto Anaijua Sayansi, Je, Aweza Kuiandika?



Tangu mtihani wa kwanza wa KJSEA ufanywe mwaka 2025, wazazi wenye watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 tumekuwa na wasiwasi, na tuna haki. Mtihani huo hubeba asilimia 60 ya alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu. Asilimia 20 hutoka kwa kazi za shuleni na 20 kwa KPSEA ya Gredi ya 6. Mtoto anayeelewa jambo lakini hawezi kulieleza kwa maandishi hupoteza alama zilizokuwa zake.

Kuandika kisayansi si insha ya madoido. Ni kueleza ulichofanya ili mtu mwengine akirudie na aone kama atapata jibu lile lile. Ibn al-Haytham wa Basra alieleza majaribio yake ya mwanga kwa njia hiyo miaka elfu moja iliyopita.

Nyumbani kwangu, mimi hutumia maji ya bahari. Chota kidogo, pima mililita 100 utie kwenye sahani pana, na 100 nyengine kwenye gilasi. Weka vyote juani, pahali pamoja. Kisha mtoto aandike haya kwa utaratibu:

Swali: Maji yatakauka haraka wapi?
Makisio: Anadhani nini, na kwa nini?
Vifaa na hatua: Alitumia nini, kiasi gani, akaanza saa ngapi?
Matokeo: Aliona nini kila baada ya saa moja?
Hitimisho: Matokeo yanamwambia nini?

Watoto wengi hukwama kwenye matokeo. Huandika "maji yamekauka kwa sababu ya jua." Hapo amechanganya alichokiona na sababu yake. Mwambie aandike kwanza sahani ilikauka saa ngapi, na gilasi wakati huo ilikuwa na maji kiasi gani. Sababu ingoje hitimisho: sahani ni pana, kwa hivyo maji mengi zaidi yako wazi kwa jua na upepo. Ndiyo maana mabwawa ya chumvi kule Gongoni na Marereni ni mapana na hayana kina kirefu.

Mwulize pia kuhusu ule weupe uliobaki. Lita moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Basi mililita 100 zitaacha gramu ngapi? Hapo hesabu imeingia bila kuitwa.

Makisio yakitoka kinyume, usimruhusu kuyafuta. Kuandika ulichokiona, si ulichotaka kukiona, ni amana. Jawabu la kunakili kwenye simu halimfunzi hilo.

Kuna suala la lugha. Karatasi ya sayansi ni ya Kiingereza, na wengi wa watoto wetu hufikiri kwa Kiswahili. Mimi humwacha mtoto aeleze kwanza kwa lugha ya nyumbani, mpaka mpangilio ukae sawa, ndipo aandike kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Wazo likishanyooka, maneno hutafutika.

Mzazi hahitaji kuwa mwalimu wa sayansi. Anahitaji daftari moja, nusu saa ya Jumamosi, na swali moja la kurudia: "Umejuaje?" Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Elimu nayo ni mali.