Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Watu wengi waliokuwa watoto huko Marekani mwaka 1985 wanaikumbuka sinema ya katuni iitwayo G.I. Joe, iliyoonyeshwa katika televisheni siku baada ya siku. Ndani yake askari hodari wanapambana na genge la waovu liitwalo Cobra. Katika sehemu moja, Cobra wanajitosa katika uchaguzi: wanakusudia kumpitisha mgombea wao kwa hila. Askari wanaivunja njama hiyo, na mtoto anakwenda kulala akiwa ameridhika.

Kwa watoto sinema hiyo yafaa. Lakini kwa mtu mzima aliyevaa sare ina kasoro moja kubwa. Humo mwovu hutambulikana mara moja, kwa sababu mkuu wa Cobra huuficha uso wake kwa kitambaa au kwa kinyago cha chuma. Je, wezi wa kura wa kweli hujitambulisha hivyo?

Jibu limo katika historia ya nchi hiyo hiyo, tena ni historia ya G.I. wa kweli, kwani ndivyo Wamarekani walivyowaita askari wao wa Vita Kuu ya Pili.

Athens ni mji mdogo katika wilaya ya McMinn, jimbo la Tennessee. Huko mkuu wa polisi wa wilaya huchaguliwa kwa kura. Paul Cantrell alikipata cheo hicho katika uchaguzi wa 1936. Alipokwenda kuwa seneta wa jimbo, cheo kikashikwa na mwenzake, Pat Mansfield. Polisi wao walilipwa ada kwa kila mtu waliyemtia mahabusu, basi kukamata watu kukageuka biashara. Malalamiko ya wizi wa kura yaliifikia serikali kuu mwaka 1940, 1942 na 1944, pasipo tija.

Askari waliporudi kutoka vitani waliunda umoja wao, wakamsimamisha Knox Henry dhidi ya Cantrell, aliyekitaka tena cheo chake cha zamani. Siku ya kura, tarehe 1 Agosti 1946, polisi wa ziada wapatao 200 waliwekwa kazini. Mkulima mzee Mweusi, Tom Gillespie, alikatazwa kupiga kura, akapigwa, kisha polisi mmoja akamfyatulia risasi. Hakufa. Jioni masanduku ya kura yakachukuliwa na kufungiwa jela, ili yahesabiwe pasipo shahidi.

Ndipo wale askari wa zamani walipochukua silaha katika ghala, wakaizingira jela na kupigana usiku kucha kwa bunduki na baruti. Kabla ya mapambazuko polisi wakajisalimisha. Watu walijeruhiwa, lakini hapana aliyekufa. Henry akatangazwa mshindi.

Msomaji asidhani kwamba mambo yaliishia hapo kama katuni. Mwezi Januari 1947, viongozi wanne kati ya watano wa umoja ule walikiri hadharani kwamba wameuvunja utawala mmoja wa hila, na mwingine wenye nguvu zaidi unajengeka mahali pake. Bunduki ililifungua sanduku la kura. Haikuweza kuwatia watu uadilifu.

Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako. Huko Athens hapakuwa na kinyago. Aliyelibeba sanduku alivaa beji ya polisi, na yumkini alisema kwamba anatii amri tu. Laiti polisi wale wangalikumbuka kuwa mshahara wa askari hutoka kwa raia wote, si kwa mgombea mmoja, vita ile isingalihitajika.

Kwa hiyo, ndugu askari, siku utakapoamriwa kuliondoa sanduku la kura, jiulize mambo mawili: linapelekwa wapi, na nani atakuwapo likifunguliwa?