Picha Haisemi Peke Yake

Watu hupenda kusema kwamba picha moja inatosha badala ya maneno elfu. Aliyeanzisha msemo huo bila shaka hakuwahi kufika Kolo.

Pale Kolo, wilayani Kondoa, iko miamba yenye michoro ya kale ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, pamoja na mapango mengine ya eneo hilo. Yote kwa jumla yanazidi 150. Mchoro mmoja unaonyesha watu wembamba wamesimama kwa mstari, na wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya huko mwaka 1951, aliona mtu anatekwa. Wengine waliokuja baadaye wakaona tambiko: mtu amepandwa na mizimu na wenzake wamemshikilia. Rangi nyekundu ni ileile na mistari ni ileile, lakini kisa cha kwanza ni cha polisi na cha pili ni cha mganga. Aliyejua ukweli alishakufa, na maelezo yake hayakutufikia.

Basi tunapousifu uchoraji kuwa usimulizi wa tangu enzi za mapangoni, tukumbuke kwamba nusu ya kazi ilikuwa mdomoni. Hata makanisa ya Ulaya yaliyojaa picha za Biblia kwa ajili ya wasiojua kusoma yalikuwa na padri wa kuzieleza.

Mfano bora ninaoujua wa nusu hizo mbili kukaa pamoja unatoka Lubumbashi, nchini Kongo, na ulisimuliwa kwa Kiswahili. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mchoraji wa mtaani. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akauza picha za kutundika sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake, kuanzia enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, picha 101. Lakini hakukabidhi mzigo akaondoka. Aliketi, kinasa sauti kikawashwa, akaeleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga: huyu ni nani, alifanya nini, na kwa nini mimi ninasema hivyo.

Itazame picha yake ya kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Miili mitatu imelala chini, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, waliouawa Januari 1961. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Damu inayomtoka Lumumba ubavuni inatiririka na kuandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mgeni ataona maiti na misalaba tu. Anayemsikiliza Tshibumba anaelewa kwamba mchoraji anamfananisha Lumumba na Yesu, wala hatanii. Fabian alichapisha picha hizo pamoja na mazungumzo yake mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe hajulikani aliko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini kisa chake hakina haja ya kubahatishwa.

Kwetu Tanzania mambo hayakwenda hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya madukani kwenye vipande vya hadibodi, akiuza Oysterbay, karibu na duka lililoitwa Morogoro Stores. (Mji wetu umechangia sanaa hii jina la duka. Si haba.) Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Leo chui wake yuko kwenye sinia, kwenye kikombe na, tangu 2010, kwenye katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi. Chui ametembea sana. Tingatinga mwenyewe alikuwa na kisa gani alipomchora? Kila muuzaji ana jibu lake, na majibu mengi hupanda pamoja na bei.

Nayasema haya nikifikiria kuta za Mafiga, hapa Morogoro. Fremu nyingi hapa bado zinasemewa na rangi: kichwa kilichonyolewa kwenye ukuta wa kinyozi, sahani ya wali na kuku kwa mama lishe, tairi kwa fundi. Wachoraji wengine huweka Milima ya Uluguru kwa nyuma, hata kama anayenyolewa ni mchezaji wa timu ya Ulaya. Sasa mabango ya kuchapwa yanaingia, na fremu ikipata mpangaji mpya, ukuta hupigwa rangi nyeupe asubuhi moja. Silalamikii biashara, mpangaji ana haki ya ukuta anaoulipia.

Ninaloomba ni dogo. Mchoraji wa mabango wa mtaani kwako bado yupo, na simu unayo mfukoni. Kabla ukuta haujapakwa, upige picha, kisha umwulize nani aliagiza, nani amechorwa na kwa nini milima iko pale. Hilo la pili ndilo tunalolisahau: rekodi na sauti yake.