KISIMA KIKAVU, HASARA YA NANI?

Biashara ya kuchimba visima virefu huwavutia vijana na wenye mitaji midogo mkoani Morogoro. Hata hivyo, kabla ya kuuza shamba ili kununua mtambo, mwekezaji hana budi kuelewa kwamba faida ya kazi hii haitegemei idadi ya visima tu. Inategemea zaidi nani anabeba hasara ya kisima kilichokosa maji.

Tuchukue kata ya Mvumi, wilayani Kilosa. Bondeni, udongo ni wa mchanga na mfinyanzi ulioletwa na mito. Ukielekea magharibi, kwenye milima ya Ukaguru, unakutana na mwamba mgumu ambao hutoa maji pale tu penye nyufa. Bei moja haiwezi kufaa sehemu zote mbili.

Tufanye hesabu ya mfano. Mchimbaji anatumia Sh. milioni 8 kwa kila kisima na kumtoza mteja Sh. milioni 12. Akichimba visima vitano na vyote vikalipwa, anabaki na Sh. milioni 20. Lakini kama amekubali kutolipwa maji yasipopatikana, kisima kimoja kikavu kinashusha faida hadi Sh. milioni 8. Vikiwa viwili, anapata hasara ya Sh. milioni 4.

Ndiyo maana wachimbaji makini hutoza kwa mita na hutaka upimaji wa maji ya chini ya ardhi ufanyike kwanza. Upimaji hupunguza kubahatisha, ingawa hauondoi hatari yote, kwani maji yanaweza kupatikana yakiwa na chumvi. Mkataba useme mapema nani atalipa ikitokea hivyo.

Kwa kijana asiye na mtaji, mlango si mtambo bali ujuzi. Chuo cha Maji, Dar es Salaam, hutoa stashahada ya masuala ya maji ya chini ya ardhi na uchimbaji wa visima. Aidha, penye udongo laini visima huchimbwa kwa zana za mkono, kazi ambayo imefanyika Ifakara na Njombe kwa gharama ndogo. Zana hizo hazifai kwenye mwamba. Kufunga na kutengeneza pampu nako ni kazi ya kudumu, maana pampu huharibika hata kama kisima kina maji.

Sheria nayo izingatiwe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na kanuni za 2013, mchimbaji anapaswa kuwa na leseni, na matumizi ya maji husimamiwa na bodi za mabonde. Kwa Mvumi, ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Miradi ya vijijini iko chini ya RUWASA tangu Julai 2019; wakala huo ndio uliorithi pia shughuli za uliokuwa Wakala wa Uchimbaji Visima na Mabwawa (DDCA).

Mwisho, fedha za kazi hii hufuata majira. Wakati wa masika magari mazito hukwama, na mteja mwenye maji ya mvua hana haraka. Mwenye mkopo wa kurejesha kila mwezi aweke akiba ya miezi hiyo kabla ya kusaini.