Machifu wa Muziki wa Ayalandi

Wimbo ambao haukuandikwa hukaa wapi? Hukaa kichwani mwa mzee anayeujua. Mzee akifa, pengine wimbo nao unakwenda kaburini. Watu wa Ayalandi waliujua msiba huo siku nyingi, kabla hata santuri na redio hazijakuwapo. Leo tutaeleza jinsi muziki wao ulivyookoka, na hasa habari za kundi moja liitwalo The Chieftains, maana yake Machifu.

Ayalandi ni kisiwa cha Ulaya, magharibi ya Uingereza. Waingereza walikitawala kwa mamia ya miaka. Zamani machifu wa huko walikuwa na wapiga vinubi wao. Kinubi ni chombo chenye nyuzi nyingi. Mpigaji hukiegemeza begani na kuzipiga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Machifu walipoondolewa, wapiga vinubi nao walikosa wa kuwalisha. Wakawa watu wa kutangatanga.

Mwaka 1792 watu wa mji wa Belfast waliwaita wapiga vinubi wote waliosalia. Je, walikuja wangapi? Waayalandi walikuwa kumi tu, na wengi wao vipofu. Mmoja, Denis Hempson, alikuwa amepita miaka tisini. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, alipewa kazi ya kuketi na kuziandika nyimbo zao kwa alama za muziki. Sisi tunaofundisha watu wazima kusoma na kuandika tunampenda sana kijana huyu! Wazee wale walikufa, lakini nyimbo walizopiga mbele yake bado zinapigwa.

Halafu ikaja njaa. Mwaka 1845 viazi, ambavyo ndivyo vilikuwa chakula cha maskini, viliingiwa na ugonjwa vikaoza. Njaa hiyo ilidumu miaka kadhaa. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wakaenda Marekani. Wakahama na nyimbo zao. Waliobaki waliendelea kupiga muziki jikoni na kwenye harusi. Mjini, watu waliojiona wamestaarabika waliuita wa kishamba.

Sasa tuje kwa Paddy Moloney. Alizaliwa Dublin, mji mkuu, mwaka 1938. Alipokuwa mtoto mdogo mama yake alimnunulia filimbi ya bei ndogo. Baadaye akajifunza chombo kigumu zaidi, kiitwacho uilleann. Tukieleze kidogo, maana si watu wengi wamekiona. Ni filimbi zilizochomekwa kwenye mfuko wa ngozi. Mpigaji hapulizi kwa mdomo. Hukaa kitini, akabana mvukuto mdogo kwa kiwiko cha mkono mmoja, mfano wa mvukuto wa mhunzi, na kwa kiwiko cha pili akabana ule mfuko. Hapo hapo vidole vinacheza juu ya matundu. Neno uilleann lenyewe linatokana na neno la Kiayalandi la kiwiko.

Mwaka 1962 Moloney aliwakusanya wenzake wanne ili watengeneze santuri. Walikuwa na filimbi, fidla, na ngoma iitwayo bodhrán. Ngoma hiyo ni duara la mti lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja tu, kama tari. Hupigwa kwa kijiti kifupi. Jina la Machifu walipewa na mshairi John Montague.

Je, waliishi kwa muziki? Hata kidogo. Moloney alikuwa karani wa mahesabu. Seán Potts alifanya kazi posta. Michael Tubridy alikuwa mhandisi. Kwa zaidi ya miaka kumi walipiga muziki jioni na siku za mapumziko, asubuhi wakarudi kazini. Tarehe 17 Machi, 1975, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, walipiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, wenye nafasi za watu zaidi ya 5,000. Ukajaa wote. Baada ya hapo ndipo walipoacha kazi zao. Si wote waliopenda maisha ya safari. Potts na Tubridy walitoka mwaka 1979, na Matt Molloy, mpiga filimbi hodari, akaingia.

Kinubi nacho kilirudi. Derek Bell, mtu wa Belfast, mji ule ule wa Bunting, aliingia kundini miaka ya mwanzo ya 1970. Alikuwa mwanamuziki wa okestra, tena mcheshi sana. Alipenda pia kupiga kinubi cha nyuzi za chuma, kama vile vya akina Hempson.

Mwaka 1979 walipiga mbele ya watu zaidi ya milioni moja, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Dublin. Mwaka 1983 walikwenda China, wakapiga juu ya Ukuta Mkuu. Baadaye walirekodi pamoja na waimbaji wa muziki wa kisasa, akiwamo Van Morrison mwaka 1988. Hapo wapo walionung'unika kwamba mila inachafuliwa. Sisi hatukubaliani nao. Sikilizeni santuri hizo: kile chombo cha kiwiko hakikubadili lugha yake, wageni ndio walioifuata.

Bell alifariki mwaka 2002. Mwaka 2011 mwanaanga wa Marekani, Cady Coleman, alichukua filimbi ya Moloney na ya Molloy, akazipiga huko angani siku ile ile ya Mtakatifu Patriki. Moloney mwenyewe alifariki Oktoba 2021, akiwa na miaka 83. Seán Keane, aliyepiga fidla kundini tangu 1968, akamfuata mwaka 2023. Molloy ana baa katika mji mdogo wa Westport, magharibi ya kisiwa. Watu huenda na fidla zao, wakakaa, wakapiga.