Kucha Kagera: Nani Bingwa?

1. Ndefu kuliko zote

Shridhar Chillal wa India aliacha kukata kucha za mkono wa kushoto mwaka 1952. Zilipokatwa mwaka 2018, jumla yake ilikuwa sentimita 909.6, na ukucha wa gumba peke yake sentimita 197.8. Goli la Uwanja wa Kaitaba lina upana wa mita 7.32, kucha za mkono mmoja zingevuka milingoti yote miwili na kubaki! Ila taji la mikono miwili analo Diana Armstrong wa Marekani: mita 13.06 alipopimwa mwaka 2022.

2. Yenye kasi kuliko zote

Kidole cha kati ndicho kinachoongoza, gumba na kidole cha mwisho hubaki nyuma. Kwa wastani kucha za mikono hukua milimita 3.5 kwa mwezi, za miguu hazifikishi hata nusu ya hapo. Ukucha wa gumba la mguu uking'oka leo, mpya hukamilika baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Sasa tuungane. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3 Kagera. Vidole vyetu vya mikono, milioni 30, huotesha kwa pamoja takriban kilomita 105 za kucha kila mwezi: kutoka Bukoba mjini hadi Muleba, na zinabaki!

3. Yenye kazi nyeti kuliko zote

Mtazame mama anayenyonyoa senene. Kucha mbili zinabana bawa jembamba, zinalichomoa, mwili wa senene unabaki mzima. Nyama ya ncha ya kidole ni laini na imejaa neva. Ukucha huiegemeza kwa nyuma, ndiyo maana kidole huhisi hata kitu chembamba namna ile. Na ukucha wenyewe ni protini iitwayo keratini, ileile inayojenga ganda la nje la pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole.

4. Adui mdogo wa kucha

Ni funza. Hafikishi hata milimita 1, lakini jike akijichimbia pembeni mwa ukucha wa mguu huvimba hadi karibu sentimita 1, tumbo limejaa mayai. Mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazil. Karne haijaisha, alishalivuka bara hadi Afrika Mashariki. Akikuingia, nenda zahanati, wala usiazimane pini ya kumtolea: damu ya mwenzio hubaki juu yake.