Je, Wajua? Kilima cha Njombe, Tambarare ya Makambako
Njombe, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina vilima vya kutosha kwa mazoezi ya vipindi: panda kwa kasi dakika 4 hadi usiweze kuongea bila kuhema, shuka taratibu dakika 3, rudia mara nne. Mwaka 2007 watafiti wa Trondheim, Norway, waliona wagonjwa wa moyo wakinufaika zaidi hivyo kuliko kwa mwendo mfululizo. Utafiti mkubwa zaidi wa 2017 haukuthibitisha ubora huo. Basi mkazi wa Makambako anayetembea harakaharaka nusu saa, siku tano kwa wiki, hajapunjwa: ametimiza dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Mwenye presha aanze na daktari, kisha tambarare. Asiye na muda, kilima kinamfaa: mazoezi makali yanahitaji dakika 75 tu kwa wiki.